Sauti Yangu na Uso Wangu

Evelina Kashindye alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, mbele ya duka la vitambaa katikati ya mji wa Mwanza. Kila asubuhi alishuka kwa miguu kutoka Mabatini, akipita kati ya mawe makubwa na nyumba zilizojengwa juu yake. Akifika, alifagia baraza. Alitia mkaa kwenye pasi na kuupepea mpaka ukawaka. Kisha alifumba macho.

"Bwana, bariki kazi ya mikono yangu. Mkasi usiende kombo."

"Amina," mwenye duka aliitikia kutoka ndani. "Na wateja waje, lakini wasije wote kwa pamoja!"

Mwenye duka aliitwa Nisha. Watu wote walimwita Mama Karan, kwa jina la mwanawe. Alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Mwanza. Yeye na Evelina walikuwa majirani wa kazi kwa miaka mingi. Mmoja aliuza kitambaa, mwingine alikishona.

Jioni Evelina alikwenda kanisani kufanya mazoezi ya kwaya ya akina mama. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Alianza ubeti peke yake, na wenzake wakaitikia. Mwaka huo kwaya ilipata wimbo mpya ambao Evelina aliutunga mwenyewe, mguu ukiwa kwenye cherehani. Walikuwa wamekwisha kurekodi sauti studio. Kazi iliyobaki ilikuwa kupiga video, na fedha zake zilihitaji miezi kadhaa ya michango.

Lakini Evelina alikuwa na shida. Uso wake ulikuwa unawaka.

Shida ilianza pole pole. Evelina alikuwa mweusi wa maji ya kunde. Mwanzoni mashavu yake yalikuwa yanapata moto tu anapopiga pasi. Kisha yakaanza kuwaka akinywa chai ya moto, au akila pilipili, au akitembea juani. Wekundu ulikuja na kuondoka. Baadaye haukuondoka tena. Ulikaa kwenye mashavu na puani, mwekundu wa kuiva, na juu yake vikatoka vipele vidogo. Hata maji ya kunawa yalimchoma.

Watu walianza kusema. Muuza dagaa wa jirani alimtania asubuhi moja.

"Fundi, jana ulizidisha?"

"Nilizidisha nini?"

"Aa, unajua mwenyewe! Uso umekuchongea."

Watu wakacheka. Evelina hakucheka. Tangu alipobatizwa hakuwahi kuonja pombe.

Nyumbani, mama mkwe wake, bibi Ng'washi, alikuwa na dawa yake. Alichemsha majani ya mchaichai na mwarobaini kwenye sufuria kubwa. Akamkalisha Evelina kwenye kigoda, akamfunika blanketi zito.

"Jifukize, mwanangu. Uchafu wote utatoka kwa jasho."

"Mayu, mvuke unaniunguza," Evelina alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ukikuunguza ndiyo unafanya kazi. Vumilia."

Evelina alimheshimu mama mkwe wake. Alivumilia. Alijifukiza kila jioni. Alipotoka ndani ya blanketi, uso ulikuwa kama nyanya. Bibi Ng'washi aliutazama, akatikisa kichwa.

"Bado uchafu ni mwingi," alisema. "Kesho tutaongeza majani."

Jumamosi moja, baada ya mazoezi, mwenyekiti wa kwaya alimwita Evelina pembeni. Aliitwa mama Suzana. Alikuwa mwanamke mchapakazi, asiyezungusha maneno.

"Dada Evelina, tusifichane. Video ni uso."

"Ndiyo, mama mwenyekiti."

"Uso wako sasa haufai kukaa mbele. Watu watasema kwaya ya kanisa inaongozwa na mlevi. Mimi najua hunywi. Lakini nitawaeleza watu mmoja mmoja mpaka lini?"

"Kwa hiyo nisiimbe?"

"Umeshaimba! Sauti yako ipo studio. Siku ya video hakuna anayeimba kweli, tunafuatisha midomo tu. Kwa hiyo Queen atasimama mbele, atachezesha mdomo. Wewe utakaa nyuma, mstari wa mwisho."

Evelina alihisi mashavu yanapanda moto.

"Sauti yangu itoke kwenye mdomo wa Queen?"

"Ni kwa ajili ya kazi ya Mungu, dada yangu. Na kwa kuwa wewe ndiye fundi wa sare, lile gauni la mwimbishaji lishone kwa vipimo vya Queen."

Jumatatu Queen alikuja barazani kupimwa. Alikuwa mdogo kuliko wote kwenye kwaya, mrefu, mwenye uso laini na maneno mengi. Evelina alimzungushia futi kiunoni bila kusema neno.

"Dada, usininunie," Queen alisema. "Mimi sikuomba. Tena nakwambia ukweli, nitachekesha watu. Ule ubeti wako una pumzi ndefu. Mimi nitafunga mdomo wakati wewe bado unaimba!"

Evelina alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

Usiku ule alipiga magoti kando ya kitanda. "Bwana," alisema, "sikuombi uso mwingine. Huu ndio ulionipa. Naomba nisimame mahali uliponiweka. Nionyeshe njia, nami nitatembea."

Aliinuka akiwa ameamua. Gauni la mwimbishaji hatalikata kwanza. Atashona sare nyingine zote. Lile litangoja.

Lakini njia ya kwanza aliyoishika haikuwa njia nzuri. Alikwenda kwenye kibanda cha vipodozi akanunua krimu ya tyubu. Hakuna daktari aliyemwandikia. Muuzaji alimwambia inatakatisha uso upesi. Ni kweli, baada ya siku chache wekundu ulipungua. Vipele vilikauka. Juu yake Evelina alipaka poda nyeupe, nyingi. Akina mama wa kwaya wakamsifia. Evelina alimshukuru Mungu kwa sauti.

Tyubu ilipokwisha, uso ulilipuka. Wekundu ulirudi na kuzidi. Vipele vilisogea mpaka karibu na mdomo. Poda ilikatika vipande vipande kama udongo mkavu. Evelina alinunua tyubu nyingine, uso ukatulia kidogo. Akaiacha, ukalipuka tena. Macho nayo yalianza kuwasha, kama yana mchanga.

Siku moja, alipokuwa ameinama juu ya pasi, alishindwa kuendelea. Aliweka pasi pembeni, akajifunika uso kwa kipande cha kitenge.

Mama Karan alimwona. Akatoka nje.

"Evelina, ingia ndani."

"Shikamoo, Mama Karan. Niache kidogo tu."

"Marahaba. Ingia ndani, nimesema."

Nyuma ya duka palikuwa na chumba kidogo chenye sinki na kioo. Mama Karan alifunga mlango. Alichukua pamba, akaimwagia kimiminika cha kuondolea vipodozi. Kisha akaanza kujifuta uso wake mwenyewe, taratibu, shavu moja, halafu la pili, halafu pua. Alipogeuka, Evelina alishtuka.

Mashavu ya Mama Karan yalikuwa mekundu. Vishipa vyembamba vilionekana puani. Vipele viwili vitatu vilikuwa kidevuni.

"Mama Karan! Na wewe?"

"Na mimi. Tangu Karan yuko shule ya msingi."

"Lakini miaka yote hii nakuona uso safi!"

"Unaona ninachopaka. Kila siku kabla ya kufungua duka napaka. Huu ugonjwa una jina. Unaitwa rosasea. Wewe hujalaaniwa, na wala si mchafu. Unaumwa ngozi."

Evelina alikaa juu ya marobota ya vitambaa.

"Basi nifundishe kupaka kama wewe. Leo hii."

"Hapana," Mama Karan alisema kwa ukali. "Vipodozi vinafunika, havitibu. Ukifunika moto kwa blanketi, nyumba inaendelea kuungua. Kwanza daktari. Kesho tunafunga duka mapema, nakupeleka mwenyewe. Na hiyo tyubu yako uje nayo."

Kesho yake walikwenda kwenye kliniki ya ngozi. Daktari aliitwa Mhoja. Alimtazama Evelina uso mzima kwa taa, akamuuliza maswali mengi. Uso unawaka wakati gani? Anafanya kazi gani? Anakula nini? Macho yanawasha? Kisha akashika ile tyubu, akaisoma.

"Nani alikuandikia hii?"

"Nilinunua mwenyewe, daktari."

"Hii ina dawa kali ya jamii ya steroidi. Mwanzoni inatuliza uso. Baadaye inaifanya ngozi iwe nyembamba na nyekundu zaidi. Ukiacha, uso unalipuka. Ukirudia, unazama. Wengi wananasa hapo. Tutaiondoa kwa mpango wangu. Usibuni mwenyewe."

"Daktari, naomba unijibu wazi. Ugonjwa huu unaambukiza?"

"Hauambukizi kabisa. Mume wako na watoto hawawezi kuupata kwa kukugusa wala kwa kula chakula chako."

"Unatokana na pombe?"

"Hapana. Pombe inaweza kuuchochea kwa mtu ambaye tayari anao. Lakini wapo wengi wanaoumwa rosasea na hawajawahi kuonja pombe. Kwa watu weusi mara nyingi tunachelewa kuutambua, kwa sababu wekundu hauonekani haraka. Mgonjwa anahisi moto, watu wanaona chunusi."

"Nitapona?"

Daktari Mhoja alimtazama machoni. "Sitakudanganya. Hatuna dawa ya kuumaliza moja kwa moja. Lakini tunaweza kuutuliza, ukaishi vizuri. Nitakupa jeli ya kupaka na vidonge vya kumeza kwa muda. Macho nayo yatatibiwa, usiyapuuze. Matokeo yatachukua wiki nyingi, kwa hiyo usikate tamaa katikati. Na wewe una kazi yako ya kufanya. Jua kali, joto la moto, mvuke, pilipili, vinywaji vya moto sana, hivyo vinauamsha uso wako. Kila mtu ana vichochezi vyake. Chunguza vyako."

"Mvuke?" Evelina aliuliza. "Hata kujifukiza?"

"Unajifukiza?"

"Kila jioni."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, kuanzia leo acha kabisa."

Jioni hiyo sufuria ilikuwa tayari inachemka. Evelina alipiga goti mbele ya mama mkwe wake.

"Mayu, umenipenda kuliko ninavyostahili. Umechuma majani kwa mikono yako. Leo daktari ameniambia mvuke unauunguza uso wangu. Naomba ruhusa yako niache."

Bibi Ng'washi alitazama sufuria, akamtazama Evelina.

"Kwa hiyo nimekuwa nikikupika?"

"Hukujua, Mayu. Na mimi sikujua."

Bibi alifunua sufuria, akachungulia. "Haya," alisema. "Mchaichai hautupwi. Nitaunywa mimi. Wewe ngoja chako kipoe."

Tangu siku hiyo Evelina alibadilika. Aliacha tyubu kama daktari alivyompangia. Alipaka jeli na kumeza vidonge. Alinawa kwa maji yasiyo ya moto na sabuni laini isiyo na manukato, akajikausha kwa kubonyeza taulo, bila kusugua. Alipaka krimu ya kukinga jua kila asubuhi, hata siku ya mawingu, na alitembea na mwavuli. Mama Karan alivuta waya hadi barazani, na pasi ya umeme ikachukua nafasi ya pasi ya mkaa. Muuza dagaa alisema fundi siku hizi anajidai. Evelina alimjibu, "Najidai, ndiyo. Uso ni wangu."

Kuna siku uso ulitulia, kuna siku ulikasirika. Wiki za kwanza, tyubu ilipoondoka, zilikuwa ngumu sana. Alitaka kuirudia. Alisali, akameza mate, akaenda kushona. Pole pole vipele vikapungua. Macho yakapoa. Lakini wekundu haukuisha wote.

"Sasa," alisema Mama Karan, "sasa nitakufundisha."

Alileta mkoba wake wa vipodozi. Alitoa kijiti cha rangi ya kijani.

"Kijani?" Evelina alicheka. "Niwe kinyonga?"

"Kijani kinazima wekundu. Tulia."

Alimpaka, akapaka juu yake faundesheni, krimu ya rangi ya ngozi. Evelina alijitazama kwenye kioo. Uso ulikuwa wa kijivu.

"Mama Karan, nimekuwa ukuta uliopigwa chokaa!"

Mama Karan aliinama kwa kicheko. "Kosa langu! Mimi ngozi yangu nyeupe, kijani kinanikubali. Kwako kimekuwa majivu. Futa, futa. Tutatafuta ya manjano."

Walikwenda duka la vipodozi. Mama Karan hakukubali kununua chini ya taa ya duka. Alimpaka Evelina alama ndogo kwenye taya, akamtoa nje kwenye mwanga. Rangi iliyopotea ndani ya ngozi ndiyo waliyochukua. Hawakuchukua yenye manukato. Kabla ya kuipaka usoni, Evelina aliijaribu kwa siku kadhaa sehemu ndogo nyuma ya sikio. Haikuwasha.

"Kwanza jeli ya daktari, ikauke," Mama Karan alimwelekeza. "Halafu krimu ya ngozi. Halafu ya jua. Subiri kidogo. Sasa rangi ya manjano, kidogo tu, palipo na wekundu tu. Usisugue! Gonga kwa kidole, hivi, kama unamgusa mtoto aliyelala."

"Nijaze poda?"

"Kidogo sana. Ulivyokuwa unajaza, ulionekana umeanguka kwenye gunia la unga. Na brashi yako ni yako. Usimwazime mtu, wala usiazime. Uioshe. Jioni, hata ukichoka namna gani, toa vyote kabla ya kulala."

Evelina alijitazama. Wekundu ulikuwa umefifia. Alikuwa ni yeye, Evelina yule yule, na alama ya utotoni chini ya jicho ilionekana. Alifurahi kuliko siku ya tyubu.

Jioni ile alikata gauni la mwimbishaji. Alilikata kwa vipimo vyake mwenyewe.

Jumamosi alilivaa mazoezini. Kwaya nzima ikamgeukia. Mama Suzana alisogea.

"Dada Evelina! Umepona?"

"Sijapona, mama mwenyekiti. Ninaishi na ugonjwa wangu." Akawaeleza wote jina la ugonjwa na maneno ya daktari. "Hapa nimepaka vipodozi. Chini yake bado kuna wekundu. Lakini sauti ile ni yangu, na nitasimama nayo mimi."

"Asante, Yesu!" Queen alipaza sauti. "Nilikuwa nafanya mazoezi ya pumzi mpaka naota!"

Wakacheka. Lakini Mama Suzana bado alikuwa na neno.

"Mpiga picha anataka saa sita mchana, pale mawe ya Luchelele. Anasema jua likiwa kali ziwa linameta."

"Saa sita siwezi. Jua na jiwe la moto vitaniangusha. Twende alfajiri."

"Akina mama zaidi ya thelathini waamke alfajiri kwa ajili ya mtu mmoja?"

Hapo zamani Evelina angenyamaza. Sasa hakunyamaza. "Ndiyo, mama. Ningekuwa na mguu mbovu mngeningoja nipande jiwe. Hii nayo ni hivyo hivyo."

Mama mmoja mzee alisema, "Mimi alfajiri niko macho kila siku. Kwani kuna nini?" Wengine wakaitikia. Mama Suzana akainua mikono, akakubali.

Video ilipigwa jua likiwa bado chini, maji yametulia, upepo wa ziwa unapuliza. Evelina alisimama jiwe la mbele na gauni lake. Mpiga picha, aliyekuwa amenung'unika njia nzima, alitazama kioo cha kamera akasema, "Mwanga mzuri huu! Kumbe tungeungua bure." Sauti ilipotoka kwenye spika, mdomo wa Evelina ulijua kila pumzi.

Wimbo ulisambaa kwenye simu za watu. Kwaya ikaalikwa kwenye tamasha Misungwi.

Waliambiwa wataimba asubuhi. Lakini ratiba ilichelewa, wakaitwa mchana, chini ya turubai lenye joto kama tanuri. Evelina alijipepea, akanywa maji ya baridi, akajigonga uso kwa kitambaa chenye maji. Haikutosha. Jasho lilishuka, na vipodozi vikashuka nalo. Alihisi wekundu unapanda. Alijua watu wanaona.

Akashika maikrofoni. Kabla hajaanza ubeti, mwanamume mmoja wa mstari wa mbele alimwambia mwenzake, na sauti yake ikafika mbali:

"Huyo mwimbishaji amelewa. Hebu muone mashavu."

Watu wakageuka. Evelina alifungua mdomo ajibu, lakini mama Suzana alikuwa amekwisha kutoka kwenye mstari. Alisimama mbele, mikono kiunoni.

"Baba, shikamoo," alisema. "Huyo hanywi. Ana ugonjwa wa ngozi, unaitwa rosasea. Hauambukizi. Joto la turubai lenu hili ndilo lililomwasha. Na mimi niliwahi kutaka kuuficha uso huo kwa kuogopa maneno kama yako, nikakosea. Anayetaka kujua zaidi atuone baadaye. Sasa nyamaza, umsikilize."

Kisha akarudi kwenye mstari wake.

Evelina hakupangusa uso. Alivuta pumzi ndefu, akaanza ubeti, na kwaya ikaitikia.